Filamu ya misafara ya meli Atlantiki: Greyhound, The Cruel Sea au Das Boot?

Tanga Raha: Wakuu, salaam. Nataka kununua filamu moja ya vita vya misafara ya meli Atlantiki, Vita Kuu ya Pili, ya kubaki nayo. Nimebakiza hizo tatu. Ipi imefuata historia zaidi? Leo jioni nalipia.

Dau la Kusi: Mkuu, hujasema ni diski au mtandaoni. Na unaangalia na nani? Das Boot ni Kijerumani, kazi ni kusoma maandishi.

Mlingoti: The Cruel Sea, 1953. Monsarrat, mwenye kitabu chake, alitumika mwenyewe kwenye manowari za kusindikiza misafara. Na ile meli yao, Compass Rose, unayoiona ni koveti (manowari ndogo ya kusindikiza) ya kweli iliyopigana vita ile.

Pweza Mkavu: Greyhound msiidharau. Amri za usukani, sona (chombo cha kusikilizia nyambizi), baharia anavyorudia kila neno la nahodha: ndivyo kazi ilivyo.

Mlingoti: Na Mjerumani anayeingia redioni kuwatukana Wamarekani? Nyambizi inaishi kwa kujificha! Tena hadithi ni ya Februari 1942, manowari ni ya daraja la Fletcher, aina ya manowari za Kimarekani. Ya kwanza iliingia kazini Juni mwaka huo.

Bi Shungi: Kabla hujalipa, angalia urefu. Mimi niliuziwa Das Boot, duka silitaji. Kasha limeandikwa toleo la mwongozaji, lile linalozidi saa tatu. Kufungua, ni toleo fupi, tena limebandikwa sauti za Kiingereza. Midomo inakwenda kwake, maneno kwake. Pale nyambizi imelala chini kabisa Gibraltar, parafujo zinafyatuka na maji yanaingia, ndipo sauti ikaanza kukatika. Nilirudi dukani naambiwa diski ikishafunguliwa hairudi. Nilibishana nao hadi wanafunga. Pesa sikuiona.

Pweza Mkavu: Pole dada. Mlingoti, mbona husemi The Cruel Sea ina nahodha anayelipua mabomu ya kuua nyambizi katikati ya manusura wa upande wake wanaoelea? Hiyo ni sinema tu.

Dau la Kusi: Sinema? Yametokea bahari yetu hii. Tarehe 12 Februari 1944, Khedive Ismail ilikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300. Manowari Petard na Paladin zikaangusha mabomu na manusura wamo majini, maana nyambizi ilikuwa ingali chini yao.

Bi Shungi: Shuleni hatukufundishwa hata mstari mmoja wa haya.

Tanga Raha: Ni mtandaoni, naangalia na baba mkwe. Alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kijerumani hajui.

Mlingoti: Basi ni The Cruel Sea.

Pweza Mkavu: Greyhound. Dakika tisini, mzee hasinzii.

Dau la Kusi: Baba mkwe alikuwa akipakia Kilindini? Muulize kama wazee wa bandarini waliwahi kuitaja Khedive Ismail.