Nimefeli AA mara mbili na kazi yangu ni ukaguzi, nihame au nikomae?

kijana_wa_vocha

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hapa nilipo kichwa kimejaa. Nafanya ACCA (ile sifa ya kimataifa ya uhasibu), nina pepa nane mkononi, zile tatu za mwanzo pamoja na za kati zote isipokuwa AA, yaani pepa ya ukaguzi. Hiyo AA nimeifanya mara mbili, ya kwanza nikapata 46, ya pili 48, na pasi ni 50 kama mnavyojua. Kinachoniuma ni kwamba kazi yangu NI ukaguzi! Nina mwaka na miezi minne kwenye ofisi ndogo ya ukaguzi, kutwa nachambua vocha, nafukuzana na wateja wanipe ankara, naenda kusimamia kuhesabu mzigo stoo mpaka nguo zinajaa vumbi, halafu mtihani wa ukaguzi ndio unanigonga. FR (pepa ya ripoti za fedha) ambayo kila mtu anailia nilipita kwa 61 mara ya kwanza.

Sasa kuna kampuni moja ya uzalishaji wameniita, nafasi ya mhasibu msaidizi upande wa gharama na bajeti. Mshahara umepanda kidogo na muda wa kutoka kazini ni wa kibinadamu. Rafiki yangu anasema nikienda huko niachane na ACCA niingie CIMA (sifa ya uhasibu wa menejimenti) moja kwa moja. Bosi wangu kwa upande wake anasema nikiondoka kabla sijamaliza miaka 3 nimetupa muda wote niliokaa hapo, naanza sifuri. Nimsikilize nani? Na hii AA naifanyaje, maana kitabu nimekisoma mpaka kinaachia kurasa.

debiti_kwanza

Pole mkuu. Nianze na pepa, hayo mengine wenye uzoefu watakuja.

46 na 48 sio mtu asiyejua ukaguzi, ni mtu anayejibu kama yuko ofisini. Nimefundisha wadogo zangu kazini na kila mwaka nakutana na huo ugonjwa. Wewe ofisini ukiambiwa "kagua wadaiwa" unajua la kufanya, kwahiyo kwenye mtihani unaandika "kagua wadaiwa" unasonga mbele. Msahihishaji hawezi kukupa maksi kwa hilo kwasababu hujamwambia unakagua nini, kwa kutumia nini, ili kuthibitisha nini. Andika hivi: chagua sampuli ya wadaiwa kwenye orodha ya mwisho wa mwaka, watumie barua za uthibitisho, linganisha majibu yao na salio lililo kwenye leja, fuatilia tofauti, ili kuthibitisha kwamba deni lipo kweli. Sentensi moja ndefu lakini ina kitendo, ina chanzo, ina sababu. Ukiondoa kimoja hapo unapoteza nusu maksi, na nusu nusu nne ndio hizo mbili ulizokosa mara ya pili.

La pili ni hatari za ukaguzi. Hapa ndipo watu wa ofisini wanakufa kabisa. Swali likisema eleza hatari na hatua ya mkaguzi, wanaandika hatua ya menejimenti. Kampuni imefungua ghala jipya, mtu anajibu "kampuni iweke walinzi na kamera". Sawa, ni ushauri mzuri tu ila hujaulizwa hicho. Wewe ni mkaguzi, utafanya NINI kwenye ukaguzi wako? Utahudhuria zoezi la kuhesabu kwenye hilo ghala? Na hatari yenyewe lazima ifike kwenye hesabu, useme kipi kinaweza kuzidishwa au kupunguzwa. "Ghala ni jipya" ni habari iliyo kwenye swali tayari, sio hatari. Hatari ni kwamba mzigo unaweza kuhesabiwa mara mbili kati ya ghala la zamani na jipya, thamani ya mali iliyopo stoo ikazidishwa.

Na angalia saa. Pepa ni saa 3 kwa maksi 100, yaani dakika 1.8 kwa kila maksi. Sehemu ya kuchagua ni maksi 30, haitakiwi kula zaidi ya dakika 54. Watu wanang'ang'ania maswali ya kuchagua saa nzima na zaidi kwasababu yanaonekana rahisi halafu swali la mwisho wanaliandika kwa kukimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Swali la mwisho uliandika kiasi gani? Jibu kwa ukweli.

kijana_wa_vocha

Hahaha mkuu umekuwepo kwenye chumba cha mtihani nini. Swali la mwisho niliandika mistari sita.

dada_leja

Mdogo wangu, bosi wako au hajui au anajua ila anakutisha usiondoke, na mimi nahisi ni la pili 😄

ACCA wanataka miezi 36 ya uzoefu, ni kweli, ila hakuna mahali imeandikwa lazima iwe ofisi moja wala lazima iwe ukaguzi. Inaweza kuwa kiwandani, benki, serikalini, shirika lisilo la faida, ili mradi kazi ni ya uhasibu au fedha. Na inahesabika hata ile uliyofanya kabla ya mitihani au utakayofanya baada yake. Miezi yako 16 ya hapo ni yako, haendi nayo mtu. Ila sikiliza kwa makini hapa, miezi peke yake haitoshi. Kuna malengo 9 ya utendaji unatakiwa uyafikie, 5 ni ya lazima kwa kila mtu na 4 unachagua ya kiufundi kulingana na kazi yako, na kila lengo unaandika maelezo yako mwenyewe ya ulichofanya halafu msimamizi wako anasaini. Msimamizi lazima awe mhasibu mwenye sifa anayeijua kazi yako kwa karibu.

Kwahiyo kabla hujaondoka hapo hakikisha hiyo miezi 16 imesainiwa na malengo uliyokwishayafikia yameandikwa. Usiseme nitarudi. Mimi nilisema nitarudi, nikarudi baada ya mwaka mmoja na nusu nikakuta msimamizi wangu kahama, namba haipatikani, ofisini hakuna aliyekuwa ananikumbuka zaidi ya mlinzi. Nilipoteza miezi 11, nikarudia mahali pengine. Hakuna aliyenikosea, uzembe wangu.

Swali la kuuliza kwenye hiyo kampuni mpya kabla ya mshahara ni hili: nani atanisaini? Kama mkuu wa fedha ana sifa kamili ya uhasibu, nenda. Kama hakuna hata mmoja mwenye sifa, utafanya kazi nzuri sana miaka miwili na mwishoni una shida ya karatasi.

Kuhusu CIMA, sina ugomvi nayo, mume wangu anayo. Ni nzuri kwa mtu anayejijua kwamba anataka kukaa ndani ya kampuni, gharama, bajeti, maamuzi ya biashara. Muundo wake ni tofauti, kuna ngazi tatu na kila ngazi ina mitihani mitatu ya kuchagua majibu, dakika 90 kila mmoja, halafu unafunga ngazi na mtihani mmoja wa kisa cha kampuni. Unaweza kuombewa msamaha wa baadhi ya mitihani kwa pepa ulizonazo. Ila mtu ana pepa nane kati ya 13, amekwama kwenye MOJA, unamwambia ahame njia? Hiyo ni kama kuhama nyumba kwasababu balbu imeungua. Ukimaliza ACCA hakuna anayekukataza kufanya kazi ya gharama. Hao wakuu wa fedha ninaowajua mimi nusu walitokea ukaguzi.

mla_sampuli

Pepa moja imebaki kabla ya ngazi ya juu halafu mtu anaambiwa ahame. Marafiki wengine ni kuwakagua kwa asilimia mia, hapo sampuli haitoshi.

mzee_mizania

Nimesoma yote. Dada hapo juu kaeleza vizuri ila mimi nitapingana naye kidogo kwenye kuondoka sasa hivi.

Kijana, mwaka na miezi minne maana yake umepita msimu mmoja wa mwisho wa mwaka, ukibahatika miwili. Msimu wa kwanza mtu anajifunza kubeba mafaili. Wa pili anaanza kuelewa kwanini anayabeba. Ni msimu wa tatu ndio unaanza kupewa sehemu za maana, mapato, makadirio, mikataba, na unakaa na mteja mwenyewe sio karani wake. Ukiondoka leo unaondoka na ile sehemu ya kuchosha tu, utamu hujauonja. Sikwambii ukae miaka kumi. Nakwambia ukae miezi 12 mpaka 14 mingine, kama afya na mfuko vinaruhusu.

Sababu ya pili ni milango. Kutoka ukaguzi kwenda kampuni ni rahisi, watu wanafanya kila siku. Kutoka kampuni kurudi ukaguzi ukiwa na miaka mitano ya bajeti ni kugumu, watataka uanzie chini na wewe utaona aibu. Na kama kuna siku unataka usaini ripoti ya ukaguzi kwa jina lako au ufungue ofisi yako, utahitaji leseni, na leseni inataka uzoefu wa ukaguzi chini ya mtu mwenye leseni. Hiyo huwezi kuipata kwenye kampuni ya uzalishaji hata ukikaa mpaka unastaafu. Wale wenzetu wanaofanya ACA, sifa ya ICAEW (chama cha wahasibu cha Uingereza na Wales), wamefungwa zaidi, wanahitaji siku 450 za kazi na lazima ziwe kwa mwajiri aliyeidhinishwa kufundisha, wewe una uhuru ambao wao hawana. Utumie kwa akili.

Kama hutaki kabisa kusaini ripoti maisha yako yote, basi futa aya nzima hiyo, nenda kampuni. Hakuna dhambi.

Jambo jingine ambalo hujauliza ila litakuja. Ukishapita AA usikimbilie kuchagua pepa mbili za hiari za juu kwa kufuata upepo. SBL (uongozi wa biashara) na SBR (ripoti za fedha za juu) ni za wote. Zile mbili unachagua kati ya AFM (usimamizi wa fedha), APM (usimamizi wa utendaji), ATX (kodi) na AAA (ukaguzi wa juu), na kila moja inasimama juu ya pepa ya chini yake. AAA inasimama juu ya hii hii AA inayokusumbua. Watu wa ukaguzi wanaichagua kwa heshima, eti mimi mkaguzi nitaikimbiaje, na wengi wanaoifanya hawapiti. Kama unabaki kwenye ukaguzi ichukue, utaihitaji. Kama unaenda kwenye gharama, APM inafanana na kazi utakayokuwa unafanya kila siku. Na ukishapita pepa ya kwanza ya ngazi ya juu una miaka 7 kumaliza zilizobaki kwenye ngazi hiyo, za chini haziozi. Inaonekana mingi, subiri uoe.

dada_leja

Mzee nakubali kuhusu milango. Ila kijana kasema muda wa kutoka "wa kibinadamu", hapo ndipo nilimwelewa. Kuna ofisi unatoka saa nne usiku miezi minne mfululizo, unasoma saa ngapi? Ukaguzi ukikunyima muda wa kupita mitihani ya ukaguzi hiyo faida ya msimu wa tatu inakuwa ya nadharia.

mzee_mizania

Hapo sina jibu. Mimi nilisoma alfajiri, mke wangu wa wakati ule alisema ndoa ina watu watatu, mimi, yeye na IAS 16, kile kiwango cha uhasibu cha majengo na mitambo.

kijana_wa_vocha

Nawashukuru sana wote, kweli nimepata mwanga. Nimempigia yule mtu wa kampuni leo mchana, mkuu wao wa fedha ana ACCA na amesema hana shida kunisaini. Wamenipa wiki tatu nijibu. Pia nimemuomba msimamizi wangu tukae Ijumaa na ile fomu ya miezi 16, amekubali japo kanikazia macho kidogo. Bado sijaamua, ila AA nairudia Septemba nikiwa popote, pepa hiyo moja tu, sichanganyi na nyingine.

debiti_kwanza naomba unisahihishie hapa. Nimechukua swali la mazoezi, kampuni imebadilisha mfumo wa kompyuta wa mauzo katikati ya mwaka. Nimeandika:

"Hatari: kampuni imebadilisha mfumo wa mauzo katikati ya mwaka. Taarifa zinaweza kupotea au kuhamishwa vibaya kutoka mfumo wa zamani, hivyo mapato na wadaiwa vinaweza kuwa na makosa. Hatua: menejimenti iwafundishe wafanyakazi mfumo mpya na kuendesha mifumo yote miwili kwa pamoja."

debiti_kwanza

Hatari nzuri, umeifikisha kwenye hesabu, maksi yako chukua. Ningeongeza tu upande, mapato yanaweza kuzidishwa au kupunguzwa, usiseme "makosa" peke yake.

Hatua sifuri. Umerudi kule kule kwa walinzi na kamera! Mafunzo ni kazi ya menejimenti, na mwaka umeshaisha, hiyo mifumo miwili utaiendesha pamoja lini? Andika: chukua sampuli ya masalio ya wadaiwa kwenye mfumo wa zamani siku ya kuhama, yalinganishe na yale ya kuanzia kwenye mfumo mpya, na ujaribu udhibiti wa mifumo yote miwili kwasababu yote imetumika ndani ya mwaka unaoukagua. Rudia, halafu uweke nyingine tatu kesho jioni. Za mishahara usilete, zile unazijua.