Mrejesho: wale buibui wawili wa Amani

Wakuu, nimerudi. Mwaka jana niliuliza kama buibui wawili wa utando wa duara niliowakamata msitu wa Amani, Usambara, ni spishi mpya, maana rangi zao sikuziona kwenye picha yoyote.

Mliosema niachane na rangi, niangalie umbo la viungo vya uzazi, mlikuwa sahihi kabisa. Nilitoa bamba la uzazi (kibamba kigumu chini ya tumbo la jike) la yule jike mkubwa, nikaliloweka kwenye mafuta ya karafuu. Likang'aa kama kioo. Chini ya hadubini mirija na vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume vikaonekana wazi. Ni Trichonephila sumptuosa, anajulikana tangu zamani. Maandishi ya kabla ya 2019 yanamwita Nephila, jina lake la zamani, ndiyo maana nilimkosa.

Yule mdogo amenishinda. Hajakomaa, bamba lake halijajengeka, hivyo hana cha kulinganisha. DNA nayo ikagoma: nilimhifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70, tena kabatini kwenye joto. Mkikusanya, tieni walau mguu mmoja kwenye ya asilimia 95, muweke kwenye friza.

Masika yakiisha narudi kutafuta waliokomaa, dume na jike. Asanteni sana, hasa uliyenielekeza karafuu.