Kujitolea kuwahudumia wagonjwa wa saratani Ocean Road: nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Wanajamvi, habari zenu. Nimestaafu ualimu na asubuhi zangu nyingi sasa ziko wazi. Nimekusudia kujitolea katika Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa zamu ya kudumu, walau siku mbili kwa wiki, ingawa sina mafunzo yoyote ya uuguzi. Wenzangu wa jumuiya wanashauri tuchange sabuni, sukari na pampasi za watu wazima, tukazigawe wodini Jumamosi moja. Sipingi, ila najiuliza kama hicho ndicho mgonjwa anachokihitaji zaidi. Naomba wenye uzoefu wanieleze mtu asiye mtaalamu hupokelewaje, hupewa kazi gani, na ni yapi ambayo akiyafanya kwa nia njema huishia kumwumiza mgonjwa.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo mwalimu. Usianzie wodini. Andika barua kwa uongozi, kisha uombe kukutanishwa na kitengo cha ustawi wa jamii, kwa sababu katika hospitali zetu za umma hao ndio wanaojua nani hana ndugu mjini, nani ameishiwa nauli, na nani ameanza kuruka siku za tiba bila kusema.

Kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini ilipatikana Ocean Road pekee, na hata baada ya Hospitali ya Bugando kuanza kuitoa kule Mwanza, wagonjwa wameendelea kuja Dar es Salaam kutoka mikoa ya mbali. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuihitaji kwa wiki tano hivi. Kulala chini ya mashine ni dakika chache tu. Saa zinazobaki ni za foleni, za kusubiri majibu ya vipimo, na za kuwaza watoto walioachwa kwa jirani. Hapo ndipo mtu kama wewe anapofaa: kumsindikiza maabara, kumsomea karatasi ya tarehe ya kurudi, kumtafutia kiti, kumpigia simu nyumbani. Kumlisha, kumgeuza kitandani au kumpa dawa usifanye mpaka muuguzi akuambie. Ukiwa na mafua au kikohozi, baki nyumbani, kwa kuwa dawa za kemotherapia hushusha chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, na homa ambayo kwako ni ya siku mbili yaweza kuwa hatari kwa mgonjwa.

Dada wa Upanga

Naongeza machache kutokana na zamu zangu katika hospitali nyingine. Mgonjwa wa mionzi ya nje, yaani ile inayotoka kwenye mashine, haambukizi mtu mionzi hiyo. Mshike mkono, keti kitandani kwake akikukaribisha. Utaona amechorwa alama za wino mwilini, nazo ndizo zinazowaongoza wataalamu kuelekeza mashine mahali palepale kila siku, kwa hiyo usije ukamsaidia kuoga ukazisugua kwa dodoki ukidhani ni uchafu. Wapo pia wanaoelekezwa kunywa maji na kubana mkojo kabla ya tiba ya nyonga, na foleni ikirefuka, mama wa watu huanza kutokwa jasho. Chupa ya maji kwa wakati wake, na mtu wa kumwulizia zamu yake, ni msaada mkubwa kuliko hotuba ya faraja.

Kuna jambo ambalo wengi huona haya kulisema. Baadhi ya saratani, hasa ya mlango wa kizazi ikiwa imefikia hatua za mwisho, huwa na harufu kali. Mgonjwa anajua, na hukutazama usoni unapokaribia. Ukishika pua, hata kwa sekunde moja, umemwondolea heshima ambayo hutaweza kumrudishia kwa sabuni. Mweleze muuguzi, kwa kuwa zipo dawa za kuipunguza.

Mtoto wa Muleba

Mwalimu, shikamoo. Niwatetee kidogo hao wa sabuni. Mama yangu alitibiwa mbali na nyumbani, na mwisho wa mwezi sabuni na pampasi zilitukuta hatuna kitu. Kilichotukera ni kikundi kilichompiga picha akiwa amelala, ameshikishwa mche wa sabuni kama ushahidi. Pelekeni vitu hivyo, ila mwulizeni kwanza muuguzi kinachopungua, na simu zikae mfukoni.

Aliyemsaidia mama zaidi alikuwa mjitoleaji aliyezungumza Kihaya. Kiswahili mama alikijua, lakini maumivu hakuweza kuyaeleza kwa lugha ya dukani. Kama unajua lugha ya nyumbani kwenu, itaje kwenye hiyo barua.

Mchangiaji wa Damu

Wenzako wa jumuiya ambao hawana nafasi ya zamu wachangie damu, maana wagonjwa wengi wa saratani huongezewa. Mwenye afya njema, umri wa kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Marahaba wanangu, nanyi wengine nawashukuru. Barua naiandika wiki hii, na Kinyakyusa nitakitaja. Limebaki moja linalonitia hofu: mgonjwa akiniuliza kama atapona, nimjibu nini?

Muuguzi wa Zamu

Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Mwulize, “Daktari alikueleza nini?” kisha nyamaza umsikilize, kwa kuwa mara nyingi anayeuliza swali hilo ana hofu nyingine: deni la ng’ombe aliyeuzwa, au binti aliyekatishwa shule aje kumwuguza. Pia neno saratani lisitangulie kutoka kinywani mwako. Wapo ndugu wanaomficha mgonjwa ugonjwa wake, ijapokuwa jina la taasisi limeandikwa wazi getini, na si kazi yako kuufichua wala kushiriki kuuficha. Akitaka kujua, mwambie utamwita muuguzi au daktari, na umwite kweli siku hiyohiyo.

Utasikia vilevile mofini ya maji ikiitwa dawa ya wanaokufa, na wengine hukataa kuinywa kwa sababu hiyo. Usibishane nao. Mofini ni dawa ya maumivu, na mtu hupewa hata akiwa bado anatibiwa, lakini maelezo hayo yatoke kwa aliyeiandika. Wewe ukiona kichupa hakipungui huku mgonjwa analala amekunja uso, tuambie.