Naomba ushauri: viungo vyangu vya kachumbari vinashikana mabonge

Habari zenu wapendwa. Niko Ujiji, Kigoma. Huwa nasaga mwenyewe viungo vya kunyunyizia kachumbari na saladi ya kabichi: binzari nyembamba na mbegu za giligilani nilizokaanga bila mafuta, pilipili manga, chumvi, na majani makavu ya mnanaa. Ukipata na mgebuka (samaki wa huku ziwani) wa kuchoma, utamu wake hauelezeki.

Shida ni mvua zikianza. Kopo linafunga vizuri, lakini unga unashikana mabonge, na harufu ya giligilani inapotea kabla kopo halijafika nusu. Nahisi chumvi ndiyo inayovuta unyevu. Jirani kaniambia nitie punje za mchele mkavu. Mwingine anasema friji, ila hiyo naiogopa: kopo la baridi ukilifungua jikoni linatoka jasho, unga unalowa.

Je, bora nitunze mbegu nzima nisage kidogo kidogo, chumvi nitie wakati wa kula? Na mnanaa mnaukaushaje msimu huu ambao jua halionekani? Wenye uzoefu, hasa mnaokaa kandokando ya ziwa, nisaidieni tafadhali.