Mjadala: Uchumi na maadili yabaki ndani ya kila somo, au yapewe kipindi chake?

Mwalimu wa Hesabu, Masindi: Wenzangu, mtaala wa sekondari hapa Uganda ulioanza 2020 unatutaka tuguse mambo ya pesa, mazingira na maadili katika kila somo. Wengine wanadai kipindi maalumu. Mimi napinga. Juzi wanafunzi wa S.2, sekondari mwaka wa pili, walipiga hesabu ya mkopo wa shilingi 200,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, riba juu ya riba. Usipolipa mwaka mzima, deni linafika kama 627,700. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo mama hatamaliza?" Kipindi gani cha maadili kingefika hapo? Hata walimu wa historia, ambao kazi yao ni kusimulia tu, wanaweza.

Mwalimu wa Historia, Arua: Kusimulia tu? Ssebo, bwana, tangu serikali iwapandishe mshahara ninyi wa sayansi na hesabu hadi milioni nne kwa mwezi mwaka 2022, mnatuona wapiga hadithi. Digrii ninayo kama wewe, chaki tunagawana, mimi napokea milioni moja na kidogo. Nikisimama kufundisha haki ya ujira, wanafunzi wananitazama usoni. Wanajua.

Boda wa Kasese: Lakini mwalimu, si mliambiwa msubiri, sayansi kwanza? Mkagoma, watoto wakakaa bure.

Mwalimu wa Historia, Arua: Subira hailipi ada ya mwanangu. Halafu kuhusu kusimulia: mwaka 1949 wakulima wa pamba Buganda walidai wachambue pamba yao wenyewe na wauze bila kupangiwa bei. Ghasia zikazuka. Hapo pana soko, bei na haki, vyote kwa pamoja. Msinifundishe kazi yangu.

Mwalimu wa Hesabu, Masindi: Mshahara wako sikuupanga mimi. Na hiyo 1949 ndiyo hoja yangu hasa! Umefundisha uchumi bila kutoka kwenye historia.

Mama Aisha, Bombo: Walimu wangu, mnagombana, sisi wazazi tunaumia. Binti yangu alipewa mradi wa sabuni ya maji. Ndoo, rangi, manukato, vyote nimenunua mimi, kwa sababu alama 20 kati ya 100 zinatokana na kazi za shuleni. Sabuni ikatoka nzuri. Shule ikaiuza, mtoto hakuona hata mia. Huo ndio uchumi mnaomfundisha? Na maadili je?

Boda wa Kasese: Hapo mama umesema! Kwetu ilikuwa mifagio. Nani anashika hizo pesa?

Mwalimu wa Hesabu, Masindi: Mama, zinanunua vifaa vya mradi unaofuata.

Mama Aisha, Bombo: Vifaa gani, mwalimu, na mimi ndiye nanunua? Chupa ziliuzwa elfu tatu tatu. Watoto waonyeshwe daftari la mauzo, hesabu si wanajua?

Mwalimu wa Historia, Arua: Mjibu mama, wa milioni nne.