Kodi ya jengo katika nyumba za vyumba vya kupanga: nani anapaswa kuibeba?

Mpangaji wa Mbagala

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa anayeifahamu sheria. Nimepanga chumba na sebule katika nyumba ya vyumba sita, tupo familia tatu, na kila familia ina mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Kila mwezi ninaponunua umeme hukatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo, na majirani zangu nao hukatwa kiasi hicho hicho, ingawa nyumba ni moja na mmiliki ni mmoja. Nilipohamia nilikuta mita ina deni la miezi ambayo chumba kilikuwa kitupu, nalo likakatwa kwenye fedha yangu. Mwenye nyumba anasema kwamba anayetumia umeme ndiye anayelipa. Je, ni kweli? Na je, ni haki nyumba yetu ya vyumba vya shilingi 30,000 kukadiriwa sawa na jumba la kifahari ambalo si ghorofa?

Mtumishi mstaafu wa halmashauri

Ndugu yangu, kodi hii ni ya mmiliki wa jengo. Mita ni njia ya kuikusanyia tu. Zamani halmashauri zilitoza kwa kufuata thamani ya jengo iliyokadiriwa na wathamini, lakini uthamini ni kazi ya gharama na nyumba nyingi za mitaani kwetu hazikuwahi kuthaminiwa kabisa. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kisha mwaka 2018 kikaja kiwango maalumu cha shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Kuanzia Agosti 2021 makato yaliingizwa kwenye LUKU kwa shilingi 12,000 na 60,000 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 viwango ni 18,000 na 90,000. Hiyo 1,500 unayokatwa ndiyo 18,000 iliyogawanywa kwa miezi 12.

Kwa hiyo nyumba yenu, ikiwa haina ghorofa, inadaiwa shilingi 18,000 kwa mwaka. Mita tatu zikikatwa zote, zinatoka 54,000, yaani 36,000 zaidi ya kinachostahili, na fedha hiyo inatoka mifukoni mwa wapangaji. Mwenye nyumba anapaswa kufika ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, au ofisi inayosimamia kodi ya majengo, na namba za mita zote tatu ili ibaki mita moja tu yenye makato. Mpangaji hawezi kulimaliza jambo hili peke yake, kwa maana ofisi itataka kujua jengo ni la nani, lakini anaweza kumwandalia mwenye nyumba namba hizo pamoja na ujumbe wa manunuzi unaoonyesha makato.

Makato yalipoanza, Serikali yenyewe ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane namna ya kurudishiana fedha hiyo kupitia kodi ya pango. Udhaifu upo hapo hapo, kwa sababu makubaliano kati ya mtu anayetafuta chumba na mtu mwenye chumba hayawi ya watu wenye nguvu sawa. Nakushauri jambo hili liandikwe kwenye mkataba: ukilipa pango la miezi sita mbele, shilingi 9,000 zitolewe kwenye malipo yanayofuata, na deni lililokuwapo kabla hujaingia libaki la mwenye nyumba.

Mkazi wa Tandale

Namshukuru mzee kwa maelezo yake, ila swali la pili la ndugu yetu lisipite hivi hivi. Tuchukue vyumba sita vya shilingi 30,000: kwa mwaka vinaingiza 2,160,000, na kodi ya 18,000 ni karibu asilimia 0.8 ya mapato hayo. Nyumba isiyo ya ghorofa iliyopangishwa kwa shilingi 3,000,000 kwa mwezi huingiza 36,000,000, na kodi yake ni ile ile 18,000, yaani asilimia 0.05. Kiwango kimoja kwa wote ni rahisi kukikusanya, lakini mzigo wake unamwelemea zaidi anayepangisha watu wa kipato cha chini, naye huwashushia wao. Mimi ningependa makadirio yaangalie pango halisi linalolipwa, hata kwa madaraja matatu au manne tu, pasipo kumlipa mthamini apite nyumba kwa nyumba.

Binti wa mwenye nyumba

Naomba na upande wetu usikilizwe. Mama yangu ni mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, anaishi katika nyumba yake na anapangisha vyumba viwili ili apate chakula na dawa. Msamaha wa wazee unamlenga mwenye nyumba anayeishi humo na asiye na chanzo cha kipato, hivyo vile vyumba viwili vinatosha kumtia mashakani. Madaraja yakija, naomba sana vyumba vya mzee wa namna hii visihesabiwe kama biashara. Hata hivyo, mita za wapangaji wetu hazikatwi. Mama alikwenda mwenyewe kuomba makato yabaki kwenye mita yake, nasi tunaamini ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mpangaji wa Mbagala

Nawashukuru nyote. Nimeshazungumza na majirani, na tumekusanya namba za mita zetu pamoja na ujumbe wa makato wa miezi iliyopita. Tutamwomba mwenye nyumba tuongozane naye ofisini, kisha makato yatakayobaki kwenye mita moja tuyagawane watatu hadi mkataba utakapohuishwa. Mzee, kama fedha iliyokwisha kukatwa kwa ziada inaweza kuhesabiwa kwa miezi ijayo, tafadhali nielekeze barua iandikwe kwa nani.

Mtumishi mstaafu wa halmashauri

Barua iandikwe na mmiliki kwa ofisi inayosimamia kodi ya majengo katika eneo lenu, nakala kwa TANESCO, na iambatishwe ujumbe wa makato wa kila mita.