Kwa nini koboko anaitwa "mamba" na Wazungu?

Swali
Wakuu, kwetu mamba ni yule wa mtoni. Jina lilihamiaje kwa nyoka? Na mbona huyo "mamba mweusi" kila picha ni wa kijivu?

Jibu la 1
Halikuhama, mkuu, ni maneno mawili yaliyofanana sauti. Wazulu humwita nyoka huyu imamba, wingi izimamba. Waingereza walilichukua huko kusini wakadondosha i- ya mwanzo. Yule wa mtoni kwa Kizulu ni ingwenya, ndugu wa ngwena, jina la zamani la mamba katika Kiswahili. Kwa hiyo ukitafsiri, andika koboko. "Mamba mweusi" humpeleka msomaji mtoni.

Weusi wenyewe uko kinywani. Ngozi ni ya kijivu, kahawia au rangi ya zeituni. Akibanwa huinua kichwa na kupanua taya, ndani mweusi kama wino. Koboko wa kijani, yule wa miembe na mikorosho ya pwani, kinywa chake ni cheupe.

Jibu la 2
Jina la kisayansi la huyo mweusi, Dendroaspis polylepis, alilitoa mtaalamu wa wanyama Günther mwaka 1864. Dendron kwa Kigiriki ni mti, aspis ni nyoka wa sumu, na polylepis ni mwenye magamba mengi. Lakini huyu hupanda miti tu akitaka. Makao yake hasa ni vichuguu vilivyohamwa na nyufa za mawe.

Jibu la 3
Niongeze la muhimu zaidi. Sumu yake hushika neva: kope hulegea, ulimi huwa mzito, kumeza hushindikana, mwisho pumzi hukata. Mlaze aliyeumwa, asitembee hata hatua, maana misuli ikifanya kazi huisukuma sumu. Vua pete na bangili. Zungusha bandeji pana ya kuvutika kuanzia vidoleni hadi juu kabisa ya mguu au mkono, ikaze kama ya kifundo kilichoteguka, kisha funga banzi. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Pumzi ikikata, mpulizie mdomo kwa mdomo njia nzima. Akipumuliwa bila kukatizwa anaweza kupona.

Jibu la 4
Sahihi, ila bandeji hiyo si ya kifutu. Sumu ya kifutu huozesha nyama, na kuibana mahali pamoja huongeza madhara. Kwa koboko, isifunguliwe mpaka dawa ya kuzuia sumu iwe tayari kuingizwa mshipani.